Mkumbushaji na Mstari Uliokatwa

Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mtazamaji aliyewahi kuisikia sauti ya Bi Mnong'ono, na hilo ndilo alilojivunia kuliko jambo lolote. Wapo wanaojivunia nyumba, wapo wanaojivunia wakwe. Yeye alijivunia kutosikika. Alikuwa mkumbushaji wa kikundi cha maigizo, yule mtu anayekaa nyuma ya pazia na kitabu cha mchezo magotini, kidole kikitembea chini ya kila mstari, ili mwigizaji akikwama ampenyezee maneno. Ampenyezee yeye tu. Neno la mkumbushaji likifika safu ya kwanza, hiyo ni aibu ya kuhama nayo mtaa.

Ukumbi wao ulikuwa ghala la pamba la zamani. Paa la bati, jukwaa la mbao zinazolia ukizikanyaga, na mabenchi yenye misumari iliyochomoza. Siku za kazi Bi Mnong'ono alikuwa fundi cherehani, na alikuwa akisema mabenchi yale yamemletea wateja wengi kuliko bango la dukani kwake. Mtu aliingia kutazama mchezo, akatoka na sketi ya kushonwa.

Kazi ya ukumbushi alijifundisha mwenyewe, na alikuwa na kanuni zake. Ya kwanza, humkumbushi mwigizaji kwa sababu amenyamaza, maana wengine kunyamaza ndiko kuigiza kwao. Unamtazama macho. Aliyesahau mstari ana macho ya mtu aliyejipapasa mfukoni mlangoni kwake akakosa ufunguo. Ya pili, mkumbushaji husema mara moja tu. Anayerudia ni mwigizaji.

Sasa, mwaka ule serikali ilikuwa imekubali, kwa shingo upande, kuwauliza wananchi kama wanataka kuendelea na chama kimoja au waruhusu vingi. Kura ilipangiwa siku ya Jumatatu. Lakini usidhani kwa kuwa kura inakuja basi mambo yalikuwa yamelegea. Idara ya Vibali ilikuwa kazini na meno yake yote mdomoni. Kila mchezo ulipelekwa kwao kwanza, ukasomwa, ukagongwa muhuri ukurasa kwa ukurasa. Wasichokipenda walikipiga mstari kwa kalamu nyekundu.

Mchezo wa mwaka ule aliutunga Mwalimu, kiongozi wa kikundi, ambaye kweli alikuwa mwalimu mpaka alipofukuzwa kwa kuuliza swali kwenye mkutano wa wakuu. Ulihusu kijiji chenye kisima kimoja chenye mfuniko wa chuma, na ufunguo uko kwa bwana mmoja miaka thelathini. Anawafungulia anapotaka, anawafungia anaponuna. Basi. Mtoto wa darasa la pili angejua bwana yule ni nani. Kitabu kilirudi kutoka Idara ya Vibali na mistari kumi na mmoja imekatwa.

"Tuuache," mwigizaji mmoja alisema siku ile walipokutana. "Umebaki mifupa mitupu."

Aliyemjibu alikuwa kitinda mimba wa Bi Mnong'ono, kijana wa miaka ishirini na saba, aliyepewa nafasi ya mchota maji. "Maneno wameyakata," alisema. "Muda wake hawajaukata. Tukifika palipokatwa, tusimame tunyamaze, kadiri ile ile ambayo mstari ungechukua kusemwa. Mtu asikune hata pua. Kisha tuendelee."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nyuma ya chumba mama mtu alikuwa akipiga pindo la vazi la mwenye ufunguo, na sindano ilimdunga kidole.

Alikuwa na sababu ya kushtuka. Kijana yule alikuwa ametoka gerezani mwaka uliotangulia, alikofungwa kwa kugawa makaratasi ya kudai vyama vingi. Hukumu ilikuwa miaka minne. Alitumikia mwaka mmoja, wakamtoa kwa masharti, na sharti lenyewe lilikuwa limeandikwa waziwazi: akitamka hadharani neno lolote la siasa lisilo na kibali, anarudi kumalizia mitatu iliyobaki. Alirudi nyumbani amekonda, na kikohozi ambacho mama yake alikisikiliza kila asubuhi kabla hajatia mguu chini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama yule aliujua mpaka idadi ya vikohozi.

Jioni ile alimweka mbele ya cherehani, kama mteja mkorofi.

"Si ungetafuta kazi nyingine wewe? Rangi za nyumba, chochote."

"Mama, nitanyamaza tu. Umewahi kusikia mtu amefungwa kwa kunyamaza?"

"Katika nchi hii? Niulize kesho."

Kijana akacheka, lakini mama hakucheka. "Niapie," alisema.

"Sitasema neno lisilo na muhuri. Naapa, mama."

Wakaanza kuonyesha. Michezo ilikuwa ya alasiri, kwa sababu mikusanyiko ya usiku ilipigwa marufuku. Siku ya kwanza ule ukimya ulishindikana vibaya. Watu walidhani waigizaji wamesahau, na jamaa mmoja mwenye kiherehere akapaza sauti: "Mkumbushieni basi!" Bi Mnong'ono alitamani ardhi ipasuke immeze na kigoda chake. Miaka ishirini na miwili ya heshima, na sasa watu wanamwona kalala kazini!

Lakini mara ya tatu watu walianza kuelewa. Mara ya tano walikuwa wanakuja kwa ajili hiyo. Mchota maji akifika palipokatwa, na yeye na wenzake wakaganda, ukumbi mzima uliganda nao, vipepeo vya mkononi vikasimama, mama akamziba mtoto mdomo, na kila mtu akaweka kwenye nafasi ile maneno yake mwenyewe, aliyoyabeba toka nyumbani. Kimya kingi kina mshindo, nao mshindo ule uliwafanya watu watoke ghalani wamenyooka migongo. Mwuza mkate wa mtaani aliyekuwa hajawahi kutazama mchezo maishani alikuja mara nne.

Safu ya pili, siku zote, alikaa afisa wa Idara ya Vibali, ambaye waigizaji walimbandika jina Bwana Muhuri. Mtu mwembamba, vifungo vyote mpaka kooni hata kwenye joto la bati, nakala yenye mihuri mapajani na kalamu nyekundu sikioni. Alifuatisha neno kwa neno na hakupata hata moja lililozidi. Inasemekana aliwaandikia wakubwa zake kuuliza kama ukimya nao unahitaji kibali, akajibiwa aache kuharibu karatasi.

Kwa Bi Mnong'ono ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Mtu aliyetumia maisha yake kuziba mapengo sasa aambiwe akae ayatazame! Kidole chake kilifika kwenye mstari uliokatwa, kikasimama pale chini ya wekundu, na ulimi ukaanza kumwasha. Aling'ata ncha ya pazia. Alihesabu kimoyomoyo mpaka muda uishe. Na kila jioni alimshukuru Mungu kwamba siku imekwisha na mwanawe bado analala chumba cha pili, anakohoa.

Onyesho la mwisho liliangukia Jumamosi, siku mbili kabla ya kura. Ghala lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani miguu nje. Sehemu ya kwanza ya mchezo ikapita, ya pili ikapita. Ikaja ya tatu, mahali ambapo mchota maji anasimama mbele ya mwenye ufunguo na ndoo tupu. Mstari uliokatwa hapo ndio uliokuwa moyo wa mchezo: "Kisima tulichimba wote. Ufunguo akae nao nani, tuulizwe."

Ukimya wa mahali hapo ulikuwa wa kuhesabu mpaka sita. Bi Mnong'ono alihesabu sita. Mwanawe hakuendelea. Akahesabu saba, nane. Mwenye ufunguo, mbele yake, alianza kupepesa macho. Tisa. Mama akainua uso kutoka kitabuni.

Kijana alikuwa amefungua mdomo nusu. Kifua kimepanda, kimebaki juu. Na macho yalikuwa yameacha kumtazama mwenye ufunguo, yamehama polepole yakaja upande wa kushoto, nyuma ya pazia, yakamwangukia mama yake.

Amesahau, alisema moyoni. Mwanangu amesahau.

Mazoea yana taabu. Mkono uliozoea kupika huonja hata chakula cha jirani, na mkumbushaji wa miaka ishirini na miwili, akiona macho yale, hafikiri. Alishusha uso kutafuta mstari, na mstari uliokuwa juu ya kidole chake ulikuwa ule ule, uliopigwa wekundu. Akausoma. Na kwa kuwa aliyekwama hakuwa mwigizaji tu bali mtoto wake, hakunong'ona. Sauti ilitoka tumboni, ile ya kumwita mtoto aliyeko barabarani na gari linakuja.

"Kisima tulichimba wote. Ufunguo akae nao nani, tuulizwe."

Bati la ghala likaichukua sauti ile, likaigawia kila benchi sawasawa.

Mtu wa kwanza kuelewa alichofanya alikuwa yeye mwenyewe. Aliweka mkono mdomoni, lakini mdomo umeshaponza kichwa, na mbaya zaidi si kichwa chake. Jukwaani alikuwa amesimama mtu mmoja tu aliyefungua mdomo.

Bwana Muhuri akainuka. Alichukua kalamu sikioni. "Simamisheni mchezo," alisema, ingawa mchezo ulikuwa umesimama wenyewe. "Nani amesema maneno hayo?"

"Mimi," mchota maji alijibu.

Alijibu upesi mno, hata kabla swali halijaisha vizuri. Bi Mnong'ono alisikia neno lile, na ndani yake aliona lango la gereza, na mitatu ile iliyobaki, na kikohozi. Hajui alivyoinuka. Kigoda kilianguka, vibanio vya nguo alivyobania kurasa vikatawanyika, na yule mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga jukwaa mbele ya watu akatoka nyuma ya pazia na kanga mbili mabegani, miwani kwenye ncha ya pua na kitabu mkononi. Mbao zikalia chini yake.

"Mwongo huyo," alisema. "Bwana Afisa, usimsikilize. Sauti ni yangu."

"Mama, rudi nyuma," kijana akasema kwa sauti ya chini.

"Nyamaza! Tangu lini una sauti nzuri hivyo?" Watu wachache wakacheka, wakajizuia. Akamgeukia afisa. "Mtoto huyu kasahau mstari wake. Mtu aliyesahau atasemaje? Mimi ni mkumbushaji. Nimeona amekwama, nikasoma palipokuwa na kidole. Ni kosa la kazi. Halijanitokea miaka ishirini na miwili, limenitokea leo, tena mbele yako. Niandike mimi."

Bwana Muhuri alimtazama, akamtazama kijana, akatazama kalamu yake. Aliyataka mambo yanyooke. "Kama ni wewe," alisema, "rudia ulichosema. Hapa, mbele ya mashahidi."

"Siwezi, Bwana Afisa."

"Huwezi kwa nini?"

"Kazi yangu nasema mara moja tu. Anayerudia ni mwingine."

Nataka nieleweke vizuri hapa, maana wapo waliokuja kuisimulia habari hii kana kwamba mama yule alikuwa anahutubia. Hakuwa anahutubia. Alikuwa anamweleza mtu asiyejua kazi ile jinsi kazi inavyofanywa, kama ambavyo angemweleza mteja kwamba suruali hupimwa umevaa viatu.

Lakini ukumbini mwuza mkate alisimama. Mtu mzito, mwenye haya, unga haujamtoka vizuri kwenye nyusi. "Kisima tulichimba wote," alisema, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Akasita. Mwanamke wa benchi la nyuma akammalizia: "Ufunguo akae nao nani, tuulizwe." Kisha wakasema watu watano pamoja, kisha benchi zima, kisha madirishani. Hawakupiga kelele. Waliusema mstari ule taratibu na kwa uangalifu, kama waigizaji wanaopokea maneno yao, mara moja, kila mmoja kwa sauti yake, mpaka ghala lote likawa limeusema. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, na siku ile halikuharibika hata herufi.

Bi Mnong'ono alisimama katikati ya jukwaa akalia. Hakulia kwa hofu, hofu ilikuwa imemwacha kidogo. Miaka yote ile alikuwa akipeleka maneno kwa mtu mmoja mmoja gizani, na leo watu mia tatu wameyapokea kutoka kwake. Alishukuru moyoni na hakujua amshukuru nani kwanza.

Bwana Muhuri alingoja mpaka kukatulia. "Mama, twende kituoni," alisema. "Wewe peke yako."

Kituo hakikuwa mbali. Walimkalisha kwenye benchi lisilo na misumari, akaona ajabu, benchi la polisi ni zuri kuliko lao. Afisa aliazima meza, akaandika muda mrefu, akakata, akaandika tena. Nje watu waliokuja nyuma yao walikaa kandokando ya barabara bila kusema chochote, na askari wa zamu alikuwa akienda mlangoni kila mara kuwatazama. Mtu anajua la kufanya na watu wanaopiga kelele. Wale walimtoa jasho.

Mwishowe Bwana Muhuri alimsogezea karatasi. "Soma, kisha utie sahihi."

Akasoma, kidole chini ya mstari, kama kawaida yake. Iliandikwa kwamba mwigizaji wa nafasi ya mchota maji hakutamka neno lolote nje ya kurasa zenye muhuri. Kwamba sauti iliyosikika haikutoka kwa mwigizaji yeyote. Kwamba mkumbushaji, mama mtu mzima, alisoma mstari kwa kosa la kazi, na ameonywa vikali.

"Bwana Afisa, mbona hukunionya?"

"Umeonywa, mama."

"Na wale watu wengine je? Waliorudia?"

"Hao si wasanii. Idara yangu haiwahusu." Alifungua kifungo cha kooni, cha kwanza, na akashusha pumzi. "Mstari ule niliukata mimi, mama. Siku tisa nimekaa pale. Mkinyamaza, ninyi mnahesabu, na watu wanawaza yao. Mimi ndiye niliyekuwa nikiusikia kichwani, neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa naujua. Nililala vibaya mwezi mzima."

Bi Mnong'ono alitia sahihi. Alikuwa amemchukia mtu yule kwa wiki kadhaa, alikuwa hata amemwombea upele, na sasa alitafuta ile chuki akaikosa. "Asante, mwanangu," alimwambia. "Mungu akupe usingizi." Akamaanisha.

Alipotoka jua lilikuwa bado halijazama. Watu wakainuka, wakampisha njia, mwuza mkate akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Mwanawe alikuwa amesimama chini ya ngazi, bado na nguo za mchota maji, viraka alivyovishona mama mwenyewe.

"Karatasi inasema hukutamka neno," alimwambia. "Nimeisoma kwa macho yangu. Umepona. Nisamehe, mwanangu, nilikaribia kukuua. Nilikuona umesahau, nikachanganyikiwa."

Kijana alimvuta pembeni, mbali kidogo na watu.

"Sikusahau, mama."

"Ulisahau. Nilikuona macho."

"Nilikuwa nausema. Niliona ni onyesho la mwisho, kura ni keshokutwa, nikasema moyoni leo siwezi kunyamaza tena, liwalo na liwe. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Nilikugeukia wewe kwanza kwa sababu nilikuwa nimekuapia. Nilikuwa nakuomba radhi. Halafu ukausema wewe."

Bi Mnong'ono alisimama palepale. Alasiri nzima alikuwa ameibeba aibu ya kosa lile, na kumbe miaka mitatu ilikuwa imeshafika kwenye meno ya mtoto wake, imebakiza pumzi moja itoke. Alimpiga bega kwa kiganja, kwa nguvu, na mara ya pili kwa nguvu zaidi. Kisha alimkamata shingoni akamshika vile, na kijana akamsikia akisema sikioni mwake, kwa ile sauti yake ya zamani isiyosikika na mtu mwingine: "Asante, Mungu wangu. Asante kwa kosa langu. Asante, asante."

Alipomwachia alifuta miwani kwa ncha ya kanga.

"Jumatatu tunakwenda kupiga kura pamoja," alisema. "Na utakaa mbele yangu kwenye foleni, nikuone."

"Sawa, mama," kijana akajibu, na wakaenda zao nyumbani wameshikana mikono mbele za watu.